Nimpeleke bweni gani, na siri yake nimwambie nani?

Shikamoo mama,

Nakusoma kila wiki ila leo ndiyo mara ya kwanza kukuandikia. Naishi Tabata, Dar es Salaam, nina watoto watatu na duka la vyombo Kariakoo. Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kuwahi usafiri, kurudi ni saa mbili usiku, msimu ukichanganya saa tatu. Mume wangu anaendesha malori ya Lubumbashi. Akiondoka, foleni ya Tunduma ikiwa mbaya anaweza kukata mwezi.

Kijana wetu wa kwanza ana miaka 14. Amefanya mtihani wa darasa la saba mwezi wa tisa, tunasubiri matokeo. Si wa kushika namba moja, lakini hajawahi kuburuza mkia. Tatizo ni huku mtaani. Tangu wamalize mtihani anashinda kwa mafundi bodaboda, na juzi nikafua suruali yake nikakuta mkeka wa kubeti mfukoni. Nikaona huyu asipoondoka hapa nitampoteza, bora bweni.

Shule ziko tatu. Ya kwanza ipo Kilimanjaro. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, wanawe wawili wamesoma huko na amejitolea kulipa nusu ya ada, ila kwa shule hiyo tu. Ada ni milioni 3.2 kwa mwaka, matokeo ni division one watupu, na fomu niliyosaini inadai kila mwanafunzi afikishe wastani wa 65. Kijana alifanya usaili akapita. Ya pili iko Pwani, upande wa Kibaha, milioni 2.4, shule ndogo, matokeo ya kawaida. Hiyo ingebidi tulipe wenyewe na itatubana. Ya tatu ni ya kata, dakika ishirini kwa miguu kutoka nyumbani, ada hakuna.

Mume wangu anasema kaka ameshasema, basi. Mtoto mwenyewe tukimuuliza anajibu "sawa mama", halafu anainuka anaondoka.

Kuna jambo jingine, nisamehe nimeliweka mwishoni. Bado anakojoa kitandani. Si kila siku, wiki inaweza kupita na mara mbili au tatu. Huwa anaamka saa kumi usiku, anafua shuka gizani kwa sabuni ya kipande, anaianika nyuma ya simtanki ili wadogo zake wasiione. Mimi namsikia, sitoki. Baba yake aliwahi kumchapa zamani kwa ajili hiyo, haikusaidia, akaacha. Shemeji hajui. Kwenye fomu ya afya ya shule kuna sehemu ya kuandika matatizo ya mtoto, nimeiacha wazi. Naogopa nikiandika watamkataa, nisipoandika sijui itakuwaje. Nifanyeje mama?

Mama wa Tabata

---

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma kuanzia chini kwenda juu na nitaijibu hivyo hivyo, maana mambo ya shule tutayamaliza upesi tukishaelewana kuhusu shuka.

Kijana wa miaka 14 anayekojoa kitandani si mvivu na hafanyi kusudi. Usiku mwili wake unatengeneza mkojo mwingi kuliko kibofu kinavyoweza kubeba, na usingizi wake ni mzito kiasi kwamba kibofu kikiita hasikii. Hali hii hufuata damu. Muulize mumeo yeye aliacha lini. Akicheka huku anaangalia chini, umeshapata jibu. Na mama mkwe wako kama yupo hai hatahitaji hata kufikiri, atakutajia ni yupi kati ya wanawe aliyekuwa akimwanikia godoro. Mimi sitashangaa akiwa ndiye huyo huyo anayelipa ada.

Mpeleke hospitali mwezi huu, usingoje Januari. Apimwe mkojo na sukari. Kama hajawahi kupimwa selimundu (sickle cell) apimwe, kwa sababu wenye ugonjwa huo husumbuliwa na kukojoa usiku kuliko wengine, na nchini kwetu ni wengi. Mweleze daktari kama anapata choo kigumu, maana utumbo uliojaa hukibana kibofu. Mweleze pia kama anakoroma sana. Kama aliwahi kukaa miezi kadhaa bila kulowanisha kisha ikaanza upya, hilo ulitangulize, kwa sababu daktari atalichunguza kwa njia nyingine. Kuna vidonge vinaitwa desmopresini ambavyo huzuia mkojo kwa usiku ule aliomeza. Ni vya kuandikiwa na daktari, havipatikani kila duka, na akishameza hatakiwi kunywa maji mengi mpaka asubuhi. Haviponyi, lakini kwa mtoto wa bweni vinaweza kumvusha muhula. Wengi huacha wenyewe kadiri wanavyokua. Nyumbani anywe maji yake asubuhi na mchana, kuanzia jioni apunguze, chai ya usiku na soda za kola aziache, na aende chooni kabla ya kupanda kitandani hata kama hajisikii. Zile dawa za kumtisha mtoto ambazo majirani watakushauri, waachie wenyewe.

Wa kuambiwa kwanza ni yeye. Namaanisha aambiwe kwamba unajua. Anadhani simtanki linaficha kitu, na wewe unalala macho ukimsikia akifikicha shuka. Usimkalishe sebuleni kama kesi. Mkiwa mnaosha vyombo, au kwenye daladala, mwambie: "Najua kuhusu shuka. Si kosa lako. Jumatatu duka linafunguliwa na msichana, mimi na wewe tunakwenda hospitali." Usiongeze hotuba. Baada ya siku mbili tatu muulize ni nani anaruhusu ajue. Nina hakika ile "sawa mama" yake ndiyo imebeba hofu hii. Analiwaza bweni la watu themanini, wewe unawaza mkeka.

Fomu ijaze. Ukiiacha wazi, patroni atapata habari zake kwa kelele za wavulana wenzake asubuhi ya tatu, na hapo hata patroni mwema ameshachelewa. Andika kwamba yuko kwenye matibabu na anahitaji kuamshwa usiku, daktari agonge muhuri. Kisha usiitume na fomu nyingine ofisini. Shule nyingi kazi ya kupanga mafaili ya kidato cha kwanza hupewa viranja, na habari ya namna hiyo haimalizi hata mapumziko ya saa nne. Mpe nesi au patroni mkononi. Shule itakayomkataa kwa karatasi hiyo imekupunguzia gharama.

Sasa shule. Nilikuwa matroni kabla ya kustaafu, na wazazi walikuwa wakija na maswali mazuri sana kuhusu maabara, kompyuta na basi la shule. Ni wachache mno walioniuliza mtoto wao atalala karibu na nani na akiumwa saa nane usiku atamgongea nani. Masomo ya kidato cha kwanza yanafanana popote, vitabu ni vile vile na mtihani ni wa Baraza la Mitihani lile lile. Unachonunua kwa ile milioni 3.2 ni usiku. Mchana hata shule ya kata anaupata.

Kwa hiyo nenda ukaangalie usiku wake. Kibaha ni karibu, nenda Jumamosi alasiri bila kutoa taarifa ndefu. Usiende siku ya wazazi, siku hiyo hata maharage yanakuwa na nazi. Omba kuonyeshwa bweni la kidato cha kwanza. Wakikuambia wageni hawaruhusiwi bwenini, sema unaelewa, utasubiri wavulana watoke, uingie na patroni. Ukiingia, simama kimya kidogo unuse. Harufu ya jasho na viatu ni ya kawaida kwa wavulana, ila harufu ya mkojo mkavu inakuambia kuna watoto wanalala hivyo na hakuna anayewashughulikia. Angalia kama vitanda vya dabo deka vimeachiana nafasi ya mtu kupita au vimegusana. Uliza choo cha usiku kiko wapi na uende mwenyewe mpaka pale. Kama ni cha ng'ambo ya uwanja na hakuna taa, basi kijana wako hata akiamshwa hataenda, atajikaza kitandani. Uliza patroni analala wapi. Jibu zuri ni chumba kilicho mwisho wa bweni, na ukione. Wakikuambia usiku wanasimamiwa na viranja, ondoka. Mvulana wa miaka 18 aliyekabidhiwa watoto wa miaka 13 usiku kucha bila mtu mzima ndiko yanakotokea mambo ambayo wazazi huja kuyasikia baada ya miaka.

Kisha muulize patroni swali hili, kama mzazi yeyote, bila kutaja kwamba ni la kwako: "Mtoto akikojoa kitandani huwa mnafanyaje?" Akicheka, au akisema hapa ni sekondari hayo hayapo, anakudanganya au hajui anachokilea. Bweni la watoto themanini wa umri huo halikosi mmoja au wawili. Mimi niliwahi kuona shule ya wavulana ambako mtoto alibeba godoro lake mpaka mbele ya paredi, wenzake wakapiga makofi. Yule hakumaliza muhula. Patroni anayejua kazi atakujibu bila kufikiri sana: tunawaamsha saa tano, analala kitanda cha chini karibu na mlango, shuka ya pili iko kwangu, bafu la pembeni anaoga kabla ya kengele. Ukimpata mtu huyo, yeye ndiye shule.

Ukiwa humo humo angalia milango na madirisha. Umri wangu unanikumbusha Shauritanga, Rombo, Juni 1994, wasichana takribani 40 waliungua bwenini. Idodi, Iringa, 2009, wakafa 12. Na Septemba 2024 jirani zetu Kenya wakapoteza wavulana 21 katika bweni la Hillside Endarasha, Nyeri. Bweni linatakiwa liwe na milango miwili, ifunguke kwa nje, na madirisha ambayo mtoto anaweza kutokea. Ukikuta nondo kila dirisha na mlango mmoja, uliza ufunguo wa usiku unakaa kwa nani na kama mlango hufungwa kwa nje. Kama unafungwa kwa nje, sina la kuongeza.

Matokeo yasikupumbaze. Baraza la Mitihani lenyewe liliacha kutangaza shule kumi bora, lakini shule zinajitangaza zenyewe kwa mabango. Unayo simu, fanya hivi. Matokeo ya kila shule yapo wazi kwenye tovuti ya Baraza. Fungua upimaji wa kidato cha pili wa 2022 wa ile shule ya Kilimanjaro, hesabu watahiniwa. Halafu fungua kidato cha nne cha 2024, hesabu tena. Kwa kawaida ni watoto wale wale. Wachache watapungua, wapo wanaohama na wapo wanaokariri darasa. Lakini ukikuta walikuwa 120 wakabaki 70, jiulize wale hamsini walikwenda wapi, kwa sababu hizo division one watupu zimetengenezwa hapo. Ndiyo maana ya wastani wa 65 uliousaini kwenye fomu: asiyefika anakariri au anaambiwa atafute shule nyingine, mara nyingi baada ya ada ya mwaka kulipwa. Serikali imekemea mara kadhaa tabia ya kuchuja watoto namna hii, na bado fomu zinasainiwa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kijana wako asiyeshika mkia wala namba moja ndiye hasa anayeangukia kwenye huo mchujo.

Uliza pia habari ya fimbo. Kanuni zinasema viboko visizidi vinne, na ni mkuu wa shule au aliyepewa idhini yake anayechapa, tena viandikwe kwenye kitabu. Omba kukiona hicho kitabu. Wengi watakushangaa. Mtoto aliyekwisha kuchapwa kwa sababu ya mkojo na baba yake mzazi hahitaji kuchapwa tena na mgeni.

Kuhusu shemeji. Hapo wa kuzungumza ni mumeo, wewe ukitangulia utaitwa mkorofi uliyekataa msaada wa ukoo. Mumeo akirudi safari, mpe kwanza hiyo hesabu ya 120 na 70 kama ndivyo itakavyokuwa, aende nayo kwa kaka yake. Hoja ya umbali nayo ni ya kweli: Moshi ni mwendo wa siku nzima kwa basi, na mtoto akiugua wiki ya pili hakuna wa kumfuata, baba yuko Zambia na mama yuko dukani. Siri ya mtoto isitumike kama hoja hata kidogo, labda mwenyewe aruhusu. Ombeni ahadi ya shemeji ihamie kwenye vitu vingine, godoro, tranka, vitabu, au ada ya mwaka wa pili. Akikataa kwa sababu si shule yake, msimlaumu, hela ni zake. Mtakuwa mmebaki na bajeti yenu.

Na huo mkeka. Mwanangu, bweni halitibu kubeti. Wavulana wanaobeti wapo bwenini pia, wanatumia simu za wapishi na walinzi. Kilichompeleka kwa mafundi bodaboda ni kwamba amemaliza mtihani Septemba, shule ni Januari, na nyumbani hakuna mtu. Mchukue dukani Kariakoo siku tatu kwa wiki, mlipe kidogo, apange sufuria na kuandika mauzo. Kozi ya kujiandaa na kidato cha kwanza ni nzuri kwa Kiingereza, ila tafuta ya mchana hapo hapo Tabata. Ile ya kulala hukohuko shuleni kwa miezi miwili kabla hajaonwa na daktari, hapana.

Ningekuwa mimi, Kilimanjaro ningeiacha. Kibaha ningeichukua kama patroni atalijibu lile swali vizuri, na kama kijana mwenyewe baada ya kumwona patroni huyo atasema ndiyo kwa mdomo wake. Matokeo ya kawaida ya shule ndogo isiyochuja watoto yanaweza kuwa ya kweli kuliko yale ya mabango. Ukishampeleka, nunua mpira kama ule tunaokwenda nao kujifungua, unauzwa famasi, uushonee ndani ya kava la godoro ili usionekane. Shuka tatu za rangi nyeusi au bluu, zisiwe nyeupe kama orodha inavyodai. Kamwombe patroni ruhusa. Hakikisha anajua namba 116, ni ya kupiga bure kwa watoto, hata kwa simu ya mpishi.

Kama patroni hafai au kijana akisema hayuko tayari, aanze shule ya kata. Akifaulu, nafasi yake ipo tu TAMISEMI wakishatoa majina. Anaweza kuhamia bweni akiwa mkavu, na hata asipohama, shule nyingi za serikali za kidato cha tano ni za bweni na ada ilifutwa tangu 2022. Hutakuwa umemnyima bweni, umelisogeza mbele. Tatizo la kata ni zile saa kati ya kutoka darasani na wewe kurudi, kwa hiyo tafuta mwalimu wa tuisheni anayeaminika au jirani mmoja mwenye macho, na mlipe.

Usaili wa awamu ya pili kwa shule nyingi za binafsi huwa Novemba na Desemba, una muda. Wale wa Kilimanjaro watakupigia simu kukuhimiza ulipe awamu ya kwanza ili nafasi isipotee. Usilipe hata shilingi mpaka utoke hospitali, na stakabadhi yoyote uliyokwisha kulipia fomu itunze, wakati mwingine hurudishwa.